Tovuti yangu ilisema Masika amepatikana, mama yake akaja kunishukuru

Wakuu, salamu nyingi kutoka Butembo, mashariki mwa Kongo.

Mimi ni kati ya wale wanaosoma nyuzi za wenzao, wanacheka peke yao, kisha wanaondoka bila kuacha hata neno. Leo nimeamua kuandika. Sitatia chumvi popote, kwa sababu habari yenyewe ilivyo tu ilinishinda kuimeza.

Walio Dar, Nairobi na Mombasa mnivumilie. Nimejitahidi kuandika Kiswahili chenu, ila watu wa huku wakianza kuongea nitawaacha waongee kama wanavyoongea: donc kwao ni basi, njo ni ndiyo.

Nina chumba kidogo hapa mtaa wa Mususa ninamochapia watu barua na kutoa fotokopi. Kompyuta mbili, printa moja yenye kiburi, na benchi la wateja ambalo mguu wake mmoja ni tofali.

Kazi iliyonilisha miaka yote ni matangazo ya redio, sisi tunayaita communiqué. Huku kwetu ukifiwa, ukipotelewa na mbuzi, ukitaka ndugu wajue kikao cha harusi kimeahirishwa, unapeleka tangazo redioni linasomwa hewani. Redio wanataka liwe limeandikwa vizuri. Basi watu wanapita kwangu kwanza, nachapa, wanapeleka.

Halafu vita vikasukuma watu kutoka vijijini upande wa Beni, na matangazo yakabadilika. Yakawa ya watu wanaotafutana. Mume amekimbilia huku, mke kule, watoto wako na jirani ambaye hakuna anayejua ameelekea wapi.

Redio inasoma tangazo likapita. Kama ulikuwa shambani, umelikosa. Ndipo nikafikiri nifungue tovuti, kila tangazo la kutafutana ninalochapa niliweke pale bure, libaki.

Nikajifunza kwa kuangalia video, nikachukua hosting, yaani nafasi ya kuweka tovuti, ya bei ya chini kabisa, nikaanza.

Ilifanya kazi wakuu. Watu walipatana kweli. Mtu akipatikana, nilikuwa naingia naweka alama ya kijani juu ya tangazo lake: AMEPATIKANA. Hiyo alama niliipenda kuliko kitu chochote kwenye tovuti. Printa ikinikera nilikuwa nafungua simu naziangalia zile kijani moja baada ya nyingine mpaka hasira inashuka.

Sasa nije kwenye kosa langu la kwanza. Hili nadhani lingeweza kufanywa na Mnande tu, mtu wa kabila letu la huku.

Kwetu mtoto hupewa jina kufuatana na zamu ya kuzaliwa. Binti wa kwanza ni Masika. Mtoto wa kiume wa pili ni Kambale. Ukisimama sokoni ukaita "Masika", nusu ya wauza mboga watageuka, na wengine watakuuliza wanadaiwa nini.

Kwa hiyo tukiongea tunaongeza wenyewe: Masika wa nani, wa kilima gani, wa kanisa gani. Tumezoea tangu utoto, hata hatuoni kwamba tunaongeza.

Na mimi kwenye tovuti nikaandika vichwa vya matangazo vifupi kama vya redio: "Masika anatafutwa na mama yake." Basi. Yaliyobaki niliyaweka chini, kwenye maelezo. Kichwani mwangu niliwajua wote, huyu Masika wa mwalimu, yule Masika wa muuza mkaa. Sikuona shida iko wapi.

Siku moja akaja mama mmoja kutoka Vuhovi, nje ya mji. Tumwite Mama Kanyere, Kanyere likiwa jina lake mwenyewe, si la mtoto.

Alikuwa amekimbia kijiji chake ng'ambo ya Beni, akafikia kwa kaka yake huko Vuhovi, akapewa kipande cha shamba analima maharage. Wakati wa kukimbia alikuwa na binti yake wa kwanza, fundi cherehani. Walipofika kwenye daraja watu wakasongamana, wakaachana.

"Alikuwa mbele yangu," aliniambia. "Niliona mugongo yake, nikaona tena, kisha nikaona mugongo ya mutu mwengine."

Nikachapa, nikaweka kwenye tovuti. Masika anatafutwa na mama yake.

Tangu siku hiyo, kila alipokuja mjini kuuza maharage alipitia kwangu. Anakaa kwenye benchi, upande usio na tofali, anauliza, "Iko habari?"

"Bado, mama."

"Wasingya," anasema, yaani asante kwa Kinande. Anachukua mzigo wake anaondoka.

Hakuwahi kunung'unika hata mara moja. Wakuu, afadhali angenung'unika.

Baada ya muda tovuti ikaanza kusuasua. Ukifungua ukurasa unaweza kwenda kuchemsha chai urudi ndiyo unafunguka. Kisha ikakataa kabisa kupokea tangazo jipya, ikaandika nafasi imejaa. Watu walikuwa wananitumia picha za ndugu zao kutoka kwenye simu, na mimi nilizipakia vilevile, zikiwa nzito kama magunia. Kumbe picha inapunguzwa ukubwa kwanza. Sikujua, na video zangu hazikuniambia.

Nyuma ya chumba changu amepanga mwalimu mmoja, Mwalimu Ilunga, aliyetumwa huku kutoka Lubumbashi kufundisha kompyuta sekondari. Mtu mpole sana. Mshahara ukichelewa hasemi, unamjua tu kwa sababu anaanza kunywa chai bila sukari na kusema daktari amemshauri.

Aliponiona nahangaika akasema, "Dada Kavira, unipatie password. Mi nitakusafishia ile site."

Nikampa. Nikampa ile ya admin mkuu, yenye funguo zote za nyumba, kwa sababu sikuwa na nyingine. Na sikumwuliza atasafisha nini. Kwetu mwalimu akijitolea kukusaidia humhoji, unaleta kiti na chai.

Kesho yake tovuti ilikuwa inakimbia. Nikafurahi, nikamtilia sukari.

Siku chache baadaye, Jumatatu, nimefungua mlango nasikia nyimbo.

Wamama wa kanisa walikuwa wanapanda barabara wakiimba, wamevaa kitambaa chao cha chama cha wanawake. Katikati yao Mama Kanyere, na mkungu wa ndizi kichwani kutoka Vuhovi. Alikuwa anacheza huku amebeba mkungu. Sikuwahi kujua kwamba ana meno mazuri hivyo.

Akautua mkungu mlangoni kwangu, akanishika mikono yote miwili.

"Mwanangu, Mungu akubariki. Masika wangu alionekana. Batu ba chorale ya kanisa baliniona njiani, banasema iko kwa site yako, balisoma na macho yabo. Jana nilisimama mbele ya kanisa muzima, nikatoa sadaka ya shukrani. Sasa uniambie, mutoto iko wapi?"

Mimi sikuwa nimeandika kitu.

Nilitabasamu kwa sababu uso haukujua ufanye nini kingine. Nikaomba nione. Mama mmoja akatoa simu yake, ile ndogo yenye kioo kilichopasuka, akafungua. Kweli ilikuwa pale.

"Masika anatafutwa na mama yake." Juu yake kijani: AMEPATIKANA.

Hapa niwaambie jambo moja wakuu. Mimi tovuti yangu nilikuwa naiangalia kwenye kompyuta, kwenye kioo kipana, ambapo maelezo yote yanaonekana. Wateja wangu wote wanatumia simu ndogo. Kwenye simu ndogo ilionekana mistari miwili tu, jina na alama. Ili usome zaidi ubonyeze, na kubonyeza kunakula vocha. Nani angebonyeza wakati ameshaona alichokuwa anakitaka?

Nikabonyeza mimi. Alikuwa ni Masika wa muuza mkaa, aliyekutana na mama yake zamani.

Nikatafuta tangazo la Mama Kanyere. Nikatafuta tena. Halikuwepo. Masika mwingine hakuwepo, Kambale walikuwa wengi na sasa amebaki mmoja.

Wamama walikuwa bado wanaimba taratibu, wananisubiri.

Nilimwambia. Sijui maneno niliyotumia, sitaki kujidai hapa. Najua nilianza kwa Kiswahili nikamalizia kwa Kinande, kwa sababu katika Kiswahili nilishindwa kulifikisha.

Nyimbo zikakatika. Mama Kanyere akabaki amenishika mikono, hakuniachia.

"Donc haiko yeye," akasema.

"Si yeye, mama. Nisamehe."

Akakaa kwenye benchi. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na ile shukrani niliisha kutoa? Nitamuambia Mungu nini sasa, anirudishie?"

Mama mmoja akaanza kulia. Mwenzake mwenye umri mkubwa akamnyamazisha, akamgeukia Mama Kanyere. "Hapana rudisha. Uiache kule. Mungu hana haraka, ataitunza."

Mama Kanyere akatikisa kichwa kukubali, lakini macho hayakukubali. Alipoondoka aliniachia ndizi. Nilimbembeleza azichukue akakataa, akasema zimeshafika, haziwezi kurudi Vuhovi. Wakuu, zile ndizi nilizigawa kwa majirani. Mimi mwenyewe sikuweza kuzila.

Mwalimu aliporudi kutoka shule nilimkuta mlangoni kwake na hasira zangu zote zimejipanga. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nikamwuliza alisafisha nini.

"Dada, kulikuwa matangazo ya kurudia-rudia," alisema, bado anatabasamu. "Masika anatafutwa, Masika anatafutwa, Kambale anatafutwa. Mi nilizania ni mutu moja, banaweka mara mingi juu ionekane sana. Kwetu banafanyaka vile. Donc nikaacha moja-moja, nikatosha zingine, nikafuta."

"Na backup?"

"Backup gani?"

"Kulikuwa na faili moja kubwa."

"Ah, ile. Ile njo ilikuwa inajaza nafasi. Niliitosha ya kwanza."

Hilo nalo mlichukue. Backup yangu ilikuwa imekaa palepale kwenye hosting ileile, ni kama kuficha ufunguo wa akiba ndani ya nyumba uliyoifunga. Backup ikae kwako, kwenye kompyuta yako au flash, mbali na tovuti yenyewe.

Nikamweleza majina yetu yanavyokwenda. Nikamweleza habari ya Mama Kanyere na sadaka yake. Lile tabasamu likaisha polepole. Akakaa chini kwenye kizingiti, akashika kichwa.

"Mi pia niko na mama," akasema.

Hotuba yangu yote ikaniishia mdomoni. Nilikuwa nimekuja kugomba, nikajikuta namtafutia chai. Alifanya kwa moyo mweupe. Mwenye nyumba ni mimi, mimi ndiye niliyempa funguo bila kumwonyesha vyumba.

Tukaanza kuyaokota matangazo yaliyofutwa.

Kilichotuokoa ni tabia moja ya watu wa huku. Tangazo likitoka kwenye tovuti, hakuna anayetuma kiungo, maana kukifungua kunakula vocha. Mtu mmoja anapiga screenshot, anaitupa kwenye kundi la watsapu la kanisa au la chorale, yaani kwaya, na wengine wote wanaisoma humo. Nilikuwa nachukia sana ile tabia, nikilalamika hawaingii kwenye tovuti yangu. Sasa matangazo yaliyofutwa yalikuwa yamelala kwenye simu za waimbaji mji mzima.

Mwalimu Ilunga, ambaye kwa kawaida Jumapili anasali mara moja tu, alizunguka makanisa na mimi. Pasta akitupa nafasi ya matangazo, anasimama yeye, si mimi. Anasema kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi, "Miye njo nilifuta majina ya batoto benu. Muniwie radhi. Mwenye iko na picha katika telefoni anitumie." Watu walicheka lafudhi yake, kisha wakatoa simu.

Zikaja kwa wingi. Hazikuja zote, sitawadanganya.

La Mama Kanyere halikuja. Ikabidi nimwombe arudi kutoka Vuhovi anisimulie upya, na niliogopa sana kumwomba. Alikuja. Akakaa upande uleule wa benchi.

Safari hii sikuandika kama redio. Nilimwuliza, mama, mtu asiyemjua Masika wako atamjuaje kati ya Masika wote?

Akafikiri. "Anashona na mukono wa kushoto. Batu bote banamucheka, anageuza mashini namna yake. Na wakati tulikimbia, hakubeba nguo, hakubeba chakula. Alibeba kichwa ya mashini kwa mugongo kama mutoto. Nilimugombeza njiani, nikasema utakula chuma?"

Hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza mbele yangu. Kwa sababu maneno ya mwisho aliyomwambia yalikuwa ya kumgombeza.

Kichwa cha tangazo nikakiandika hivi: "Masika wa Mama Kanyere, fundi wa mkono wa kushoto, aliyekimbia na kichwa cha cherehani mgongoni." Kirefu kama treni. Nikahakikisha kwenye simu ndogo kinaonekana chote. Nikapiga screenshot mwenyewe, nikaitupa kwenye makundi yote ninayoyajua. Mwalimu akaitupa kwenye kundi la walimu la Beni.

Simu ilikuja nikiwa napambana na printa.

"Allô, ni kwa site ya matangazo?" Sauti ya mwanamke. "Mimi niko Beni, kwa mutaa ya Beu. Iko binti mumoja anashonaka kwa baraza yangu. Masika. Gauche, mukono wa kushoto. Alifika hapa na kichwa ya mashini tu, hata viatu hana."

Niliuliza mara tatu. Kisha nikampigia kaka yake Mama Kanyere huko Vuhovi. Mama akaletwa na pikipiki, akaingia dukani kiatu kimoja hakijafungwa. Mimi tayari nilikuwa nimefungua tovuti, kidole kiko juu ya ile alama yangu ya kijani. Nilitaka aione ikiwaka.

"Hapana andika," akasema.

"Lakini mama, wamempata."

"Ile neno ilinidanganya mara moja. Kwanza tuende."

Tukaenda Beni, yeye, mimi na mwalimu, ambaye aliomba ruhusa shuleni na sijui aliwaambia nini. Njia nzima mama alishika mfuko wa maharage mapajani kwake, na gari likiruka kwenye shimo anaushika zaidi.

Huko Beu mwenyeji alitupokea njiani akatuongoza. Barazani alikuwepo msichana mwembamba, cherehani imefungwa juu ya meza ya kuazima, mkono wa kushoto unazungusha gurudumu. Akainua macho kuona wageni ni nani. Mkono ukaacha kuzungusha.

Mama yake alipanda ile baraza polepole, akamgusa uso, akamgusa mabega kama anayepima nguo.

"Umekonda," akasema.

"Na wewe pia, mama."

Halafu wakashikana, na mimi na mwalimu tukageuka kuangalia barabara.

Baadaye tukiwa tunakula, Masika alinieleza kitu kilichoniuma kuliko yote. Naye alikuwa ameangalia tovuti yangu baada ya kusafishwa, kwenye simu ya mwenyeji wake. Alimwona Masika mmoja tu, na ameshapatikana. Akabonyeza, akasoma, akaona si yeye. Akasema moyoni, basi mimi sitafutwi. Na alijua mama yake akiwa hai lazima angemtafuta. Kwa hiyo mwenyeji anasema Masika alikuwa ameshaanza kumtaja mama yake kama watu wanavyomtaja marehemu.

Mwalimu Ilunga aliacha kula aliposikia hivyo. Masika akamwongezea ugali. Alikuwa ameshaambiwa kuwa ndiye aliyefuta.

Tulipotaka kuondoka, Mama Kanyere akaniita.

"Sasa ile neno. Unaandikaka wapi?"

Nikampa simu, nikamwonyesha mahali pa kubonyeza. Akaweka kidole gumba. Kioo hakikuitika. Akabonyeza tena kwa nguvu, hakikuitika. Kile kidole kimeshika jembe maisha yote, ngozi yake imekuwa ngumu na simu haikukitambua. Nilitaka kumsaidia, akausogeza mkono wangu. Masika akauchukua mkono wa mama yake, akakiweka kidole chake chini ya kile cha mama, wakabonyeza pamoja.

Ikawaka kijani.

Wakuu, nimebadilisha mengi kwenye tovuti tangu siku hiyo. Picha napunguza. Backup ninayo nyumbani. Mwalimu ana akaunti yake, inayoweza kurekebisha lakini haiwezi kufuta, na yeye mwenyewe ndiye aliyeomba iwe hivyo. Kila ukurasa nauangalia kwanza kwenye simu ya jirani yenye kioo kibovu.

Lakini kubwa ni hili. Mimi siandiki tena AMEPATIKANA. Si kazi yangu. Anakuja aliyekuwa anatafuta, na yule aliyekuwa anatafutwa, ndio wanaobonyeza.

Mwenye tovuti humu, hata kama ni ya kuuza viatu, hebu tuambie ulikosea wapi na nani aliumia. Na kama kuna tangazo la ndugu yako lililopita kwangu zamani na hulioni tena, usinyamaze, liandike hapa chini. Uanze na jina la mama yake.